Gramu Hazizuii Wino Kupenya

"Ninunue daftari la gramu ngapi ili wino usipenye?" Nimeulizwa swali hili na wanafunzi wa chuo, mawakili, walimu wa madrasa na wahasibu wastaafu, na kila mara linakuja na kisa kilekile. Mtu amepata kalamu ya nibu, ile ya kujaza wino, pengine Lamy au Pilot mpya, pengine Parker aliyoachiwa na babu yake. Amefungua kaunta buku aliyoizoea na kuandika ukurasa mmoja. Herufi zimeota mizizi pembeni, na alipogeuza karatasi amekuta nusu ya maandishi imehamia upande wa pili. Anarudi dukani kulalamika. Muuzaji, kwa nia njema kabisa, anamwambia kuwa karatasi ile ilikuwa nyepesi mno, achukue hii ya gramu 100. Bei inapanda, na wino unapenya vilevile.

Mimi kazi yangu ni karatasi, na nasema bila kuzunguka: gramu hazina uhusiano na tatizo lako. Anayekuuzia daftari kwa hoja ya gramu peke yake anakuuzia uzito.

Hebu tuangalie gramu hizo zinasema nini. Karatasi ya gramu 80 ni karatasi ambayo mita moja ya mraba ina uzito wa gramu 80. Karatasi ya A4 ni sehemu ya kumi na sita ya mita ya mraba, kwa hiyo moja ina gramu 5, na rimu ya karatasi 500 ina kilo mbili na nusu. Basi. Hiyo ni habari ya mizani. Inamfaa msafirishaji anayelipia mzigo, inamfaa mchapaji anayepanga mashine. Haisemi hata unene kwa uhakika, kwa sababu karatasi mbili za gramu 80 zinaweza kutofautiana unene ikiwa moja imebanwa zaidi kati ya magurudumu ya chuma kule kiwandani. Na kuhusu wino wa maji, haisemi neno lolote.

Ushahidi upo wazi, na sielewi kwa nini bado tunabishana. Chukua karatasi ya kukaushia wino, ile iliyokuwa ikikaa juu ya kila meza ya karani zamani. Ni nene, na huwa nzito mara mbili au tatu kuliko karatasi ya daftari. Kama uzito ungekuwa kinga, hiyo ndiyo ingekuwa karatasi bora duniani kwa kalamu ya nibu. Iguse kwa ncha ya kalamu uone: inakunywa kila tone papo hapo, kwa sababu ndivyo ilivyokusudiwa. Sasa chukua Tomoe River, karatasi ya Kijapani iliyopata jina kwa wapenzi wa kalamu ulimwengu mzima, ile inayotumika katika shajara za Hobonichi. Aina yake maarufu zaidi ina gramu 52. Ni nyepesi kiasi cha kupepea ukiipulizia. Ukiandika juu yake kwa nibu pana yenye kumwaga wino mwingi, mstari unabaki mkali, na upande wa pili haupati hata doa. Au chukua Rhodia, lile daftari la Ufaransa lenye jalada la rangi ya chungwa: karatasi yake ni ya gramu 80, sawasawa na ile iliyo kwenye mashine ya fotokopi ya mtaani kwako. Ya kwanza inashika wino, ya pili mara nyingi inauachia. Uzito ni mmoja na tabia ni mbili. Ukiwa na mifano hii mitatu mkononi, huna sababu ya kurudi kwenye gramu tena.

Kinachoamua ni gundi. Karatasi ni nyuzi za mmea zilizosukwa ovyo, na kati ya nyuzi hizo kuna mianya myembamba inayovuta maji yenyewe, hata kwenda juu. Wino wa kalamu ya nibu ni maji yenye rangi. Ukiuweka juu ya nyuzi tupu, unakimbia kufuata mianya: ukienda pembeni unaona ile mizizi, ukienda chini unaona madoa upande wa pili. Mtengenezaji makini huzuia mbio hizo kwa gundi, mara mbili. Kwanza hutia dawa ndani ya rojo kabla haijawa karatasi, ili nyuzi zenyewe zikatae maji. Kisha, karatasi ikikaribia kukamilika, huipaka wanga juu na kuibana. Wanga huo ni uleule unaotiwa kwenye kanzu ili isimame vizuri na isinyonye vumbi. Kwenye karatasi unaziba mianya na kuufanya wino ukae juu, ukauke taratibu pale ulipowekwa. Wino unapokaa juu ndipo unapoona pia rangi yake kamili, na ndiyo maana wino mmoja huonekana hai kwenye karatasi hii na kufifia kwenye ile.

Maarifa haya ni ya zamani sana. Watengenezaji karatasi wa nchi za Kiislamu walipaka wanga na kusugua karatasi kwa jiwe laini hadi ing'ae, ili kalamu ya mwanzi iteleze. Wataliano wa Fabriano, katika karne ya 13, walianza kutumia gundi iliyochemshwa kutoka ngozi na mifupa ya wanyama. Mwaka 1807 Mjerumani Moritz Friedrich Illig alichapisha njia ya kutumia utomvu wa msonobari pamoja na shabu, yote ndani ya rojo. Ilikuwa rahisi, viwanda vikaipokea, lakini shabu iliacha tindikali, na ndiyo sababu mojawapo kubwa ya vitabu vingi vya karne ya 19 na 20 kugeuka manjano na kuvunjika ukivikunja. Leo viwanda vingi hutumia dawa zisizo na tindikali. Waandishi wa Lamu na Pate walionakili misahafu na tenzi kwa kalamu za mwanzi, juu ya karatasi zilizoletwa na vyombo kutoka ng'ambo, hawakuwa na namba ya gramu ya kusoma. Waliigusa karatasi, wakaijaribu kwa wino.

Kiwandani tuna kipimo cha jambo hili, na si siri. Kinaitwa kipimo cha Cobb. Karatasi hupimwa uzito, hubanwa chini ya pete yenye eneo la sentimita 100 za mraba, humiminiwa mililita 100 za maji na kuachwa kwa muda uliowekwa, aghalabu dakika moja. Maji humwagwa, karatasi hufutwa juu juu, hupimwa tena. Uzito ulioongezeka ndio maji iliyoyanywa. Namba hiyo moja ingemsaidia mnunuzi kuliko maneno yote yaliyochapwa kwenye majalada ya madaftari. Sijaona jalada hata moja lililoiweka.

Kwa nini basi madaftari mengi ya madukani yananyonya hivi? Kwa sababu hayakutengenezwa kwa ajili yako. László Bíró alipata hataza ya kalamu ya kigololi mwaka 1938, na Bic ikaleta ile ya bei nafuu sokoni Desemba 1950. Wino wa biki ni mzito, wa mafuta, unakaa popote. Mashine ya fotokopi nayo haitumii wino wa maji. Inayeyusha unga mkavu juu ya karatasi. Shule zikahama, ofisi zikahama, na mwenye kiwanda akajiuliza kwa nini agharimie gundi ambayo mwandishi wa biki hataiona. Akapunguza. Hakuna ubaya katika hilo. Daftari la mtoto wa shule lazima liwe rahisi. Ubaya ni pale daftari hilohilo linapotiwa jalada la ngozi ya bandia na utepe, likaongezwa gramu, kisha likauzwa kwa bei ya mara tano kama "daftari la kitaalamu". Hilo linanikera, na nadhani nina haki ya kukereka, kwa sababu anayeumia ni kijana aliyejikusanyia fedha akitaka kuandika vizuri.

Nizitendee gramu haki: zina kazi yake. Karatasi nzito huonyesha kidogo kivuli cha maandishi ya upande wa pili, haijikunji ovyo, inastahimili kifutio. Lakini kivuli ni jambo tofauti na wino kupenya, na watu wengi huyachanganya. Ukipitisha kidole upande wa pili wa Tomoe River utaona kivuli cha herufi bila chembe ya wino. Kama kivuli kinakusumbua, andika upande mmoja au nunua iliyo nzito zaidi. Wino uliopenya ni kasoro ya gundi, na hakuna gramu zitakazoiponya.

Halafu kuna dawa za mitandaoni. Naombwa nithibitishe kwamba ukipuliza karatasi spreyi ya nywele itaacha kunyonya. Tafadhali, msifanye hivyo. Spreyi inaacha utando usio sawa: hapa wino unakataa kushika, pale unapenya, na utando wenyewe unanata kwenye nibu. Kusugua karatasi kwa mshumaa kunajaza nta kwenye mpasuko wa nibu, na kuitoa ni kazi. Kupiga pasi kunaondoa unyevu tu. Hakuongezi gundi iliyokosekana. Na wale wanaotia tone la sabuni ndani ya wino ili utiririke vizuri wanazidisha balaa wenyewe, maana sabuni inaupunguzia wino nguvu ya kujishika pamoja, na wino usiojishika ndio unaokimbilia kwenye nyuzi. Karatasi iliyotoka kiwandani bila gundi ya kutosha haitengenezeki mezani kwako.

Ufanye nini, basi? Nenda dukani na kalamu yako, ikiwa na wino unaoutumia kila siku. Omba kuandika kwenye ukurasa wa mwisho. Andika sentensi, chora duara zilizobanana, ongeza msalaba mmoja wa mistari minene, subiri ikauke, geuza. Jaribu pande zote mbili, kwani mashine ya karatasi huacha upande mmoja tofauti na mwingine. Kama una kipande cha karatasi ileile, dondoshea tone la maji: likisimama kama shanga kwa muda, kuna gundi, likizama na kuacha doa la maji mara moja, achana na daftari hilo. Mng'aro usikudanganye, maana karatasi inaweza kuwa laini kwa kubanwa tu.

Ukiwa na uwezo wa kuagiza au ndugu anayesafiri, Clairefontaine na Rhodia za Ufaransa ni za kuaminika, na kutoka Japani Midori MD, Life na Kokuyo. Tomoe River pia, ambayo Tomoegawa waliacha kuitengeneza na sasa inatoka kwa Sanzen, ikiwa na tofauti ndogo ambazo wapenzi wake hawachoki kuzijadili. Hizo zote hukausha wino polepole, kwa hiyo mwenye kuandika kwa mkono wa kushoto ajiandae. Kwa bei ndogo, tafuta madaftari ya karatasi ya makapi ya miwa, hasa ya India, ambako kiwanda cha serikali ya Tamil Nadu kimekuwa kikitumia makapi hayo kwa miaka mingi; baadhi yake hushika wino vizuri ajabu. Ukikuta leja za zamani zilizosahaulika kwenye rafu ya duka la vifaa vya ofisi, Mombasa, Tanga au Unguja, zijaribu kabla ya kitu kingine: karatasi ya leja ilitengenezwa kwa ajili ya nibu na kufutwafutwa, na ilitiwa gundi ya kutosha. Karatasi za printa ya wino, zile zilizoandikwa hivyo, ni bora kuliko za fotokopi; unaweza kuzijalidi mwenyewe.

Kama daftari halibadiliki, badilisha vilivyobaki. Tumia nibu nyembamba, na kumbuka kuwa nibu yenye alama F ya Kijapani kwa kawaida ni nyembamba kuliko F ya Ulaya. Chagua wino mkavu, yaani usiotiririka sana: Pelikan 4001 unatulia pale Iroshizuku unapotawanyika. Wino wa chuma, kama Salix wa Rohrer & Klingner au ule wa wasajili wa Diamine, hustahimili karatasi mbaya kuliko aina nyingi, na haufutiki kwa maji; lakini usiuache ukauke ndani ya kalamu, na isafishe kalamu mara kwa mara. Huku pwani weka karatasi ya ziada chini ya kiganja, kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi huziba ukurasa na nibu inaruka. Hifadhi madaftari mahali pakavu, mbali na ukuta wenye unyevu.

Na wewe mwenye duka unayesoma hapa, fungua daftari moja la kila aina uliloweka, liwe la kujaribia, uliache juu ya kaunta. Mnunuzi atakayenyimwa hata ukurasa mmoja wa kuandika asibishane; aende duka la pili.