Kaya Kinondo: Msitu Huingii Bila Kufunga Kaniki

Ukifika Diani, akili yote iko kwa bichi. Poa tu. Lakini songa kidogo upande wa Galu uone Kaya Kinondo, msitu wa kama hekta 30 ulioota juu ya mawe.

Na si mawe ya kawaida. Ni matumbawe. Hapo unapokanyaga palikuwa chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Maji yakarudi nyuma, matumbawe yakabaki mwamba. Udongo ni kiduchu na mvua inazama kwa mashimo, ndio maana mizizi imeshika jiwe kama makanga kwa mlango wa mathree. Mti mkubwa ukikatwa hapo, kuchukuliwa nafasi yake ni kazi ya miaka mingi sana. (Vaa viatu vya maana. Champali zitakuaibisha.)

Sasa shika rada. Kabla uingie unafunga kaniki, kile kitambaa cheusi, kiunoni, uwe dem ama chali. Kofia unatoa. Kubusiana zii, hata kama mko hanimuni. Na usitoke na kitu: si tawi, si jiwe, si hata jani lililoanguka lenyewe.

Najua kuna msee anasema hizo ni stori za wazee. Haya, skia. Kaya ilikuwa kijiji kilichofichwa katikati ya msitu. Wadigo wa Kinondo walihama, lakini makaburi yalibaki na wazee bado huingia kuomba. Humo ni kwa wenyewe, wewe ni mgeni. UNESCO iliweka kaya za Mijikenda kwa Urithi wa Dunia mwaka 2008, Kinondo ikiwemo, lakini karatasi pekee haizuii panga. Angalia ufuo wa Diani: msitu kama huu umeliwa na hoteli na ploti, mpaka mbega wanavuka barabara kutafuta majani. Hapa miti bado imesimama kwa sababu watu waliogopa kuvunja miiko.

Kutoka Kombani dandia mathree ya Ukunda, halafu tuktuk ama boda hadi Kinondo. Usiingie solo, kuna waongozaji wa hapo hapo kijijini, na kiingilio kinasaidia jamii yao. Uliza bei kabla hujaanza kutembea. Kaniki unapewa hapo, na ukitoka unairudisha.