Fani Nyingi, Dhamana Moja

Tarehe 1 Oktoba 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov, ili raia wasio na bima ya afya wapate kujichagulia bima na kuinunua; lakini miongoni mwa umati uliomiminika siku ile, waliofaulu kukamilisha shughuli yao walikuwa watu sita tu. Fedha haikuwa haba, wala mafundi hawakukosekana. Kazi ilikuwa imegawanywa baina ya makampuni mengi, kila moja na mkataba wake, hili likishughulikia usajili na lile soko lenyewe la bima, hata jaribio la kuupima mfumo mzima likaanza takriban wiki mbili tu kabla ya ufunguzi. Ilipoamuliwa, tena kwa kuchelewa, kwamba kila mgeni afungue akaunti kabla ya kutazama bei, mzigo wote uliangukia mlango wa usajili, na mlango ukaelemewa.

Chanzo cha msiba wa namna hii kilikwisha kubainishwa tangu 1968, pale mtaalamu wa kompyuta Melvin Conway, katika jarida la Datamation, alipodai kwamba jumuiya yoyote inayosanifu mfumo haina budi kuzaa mfumo unaofanana na njia zake za mawasiliano. Idara zisizosemezana huzaa programu zisizosemezana. Na aghalabu kasoro haikai ndani ya kazi ya fundi mmoja, bali hujificha mpakani baina ya fundi na fundi, mahali ambapo hakuna aliyekabidhiwa kupaangalia.

Dawa yake ilionekana viwandani kabla ya kufika kwenye kompyuta. Mwaka 1986 wataalamu wawili wa Kijapani, Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka, baada ya kuyachunguza makampuni kama Honda, Canon na Fuji-Xerox, waliandika katika Harvard Business Review wakiusifu mwendo wa watu wa fani mbalimbali wanaosonga pamoja kama timu ya raga, badala ya idara zinazopokezana kazi kama wakimbiaji wa vijiti. Jeff Sutherland na Ken Schwaber wakaichukua fikra hiyo, pamoja na jina la Scrum lililotoka katika mchezo huo huo, wakaitangaza kwa waandishi wa programu mwaka 1995. Na Februari 2001 mabingwa 17 waliokutana Snowbird, jimboni Utah, wakaandika ilani ya mtindo wa Agile wa kutengeneza programu, ambayo miongoni mwa kanuni zake ni kwamba wenye shughuli na watengenezaji wa programu wafanye kazi pamoja kila siku.

Hesabu nayo yatoa ushahidi. Watu 10 wana njia 45 za kusemezana wawili wawili. Watu 50 wana njia 1,225. Kwa hiyo timu haina budi kuwa ndogo ili watu waelewane. Na madhali ni ndogo, haina budi kukusanya ndani yake fani zote zinazohitajika, la sivyo itashinda ikingoja majibu ya idara nyingine. Msanifu wa fomu akitaka kuongeza swali, mtunza hifadhidata aliye kando yake humweleza papo hapo jinsi litakavyoilemea seva. Mpimaji huuliza itakuwaje kwa mtu asiye na namba ya kitambulisho. Na anayewajua wateja hubainisha kama swali lenyewe lina faida. Shauri ambalo kwa barua na vikao lingechukua wiki nzima hukatwa kabla ya adhuhuri, wakati kosa bado halijaandikwa.

Hata HealthCare.gov iliokolewa kwa njia hiyo. Wataalamu walioitwa kuinusuru, akiwamo Mikey Dickerson wa Google, waliketi na wakandarasi chumba kimoja, wakafanya vikao kila siku, na kuweka sharti kwamba anenaye awe ni yule aijuaye zaidi kasoro inayojadiliwa, si mwenye cheo kikubwa. Kufikia tarehe 1 Desemba, muda wa kungoja ukurasa ufunguke ulikuwa umeshuka kutoka sekunde 8 hivi hadi chini ya sekunde 1.

Timu mseto haiondoi haja ya ubingwa. Huizidisha, kwa kuwa kila fani huwakilishwa na watu wachache, pengine mmoja tu, ambaye hana wa kujificha nyuma yake. Lakini ubingwa usiokutana na ubingwa mwingine huunda sehemu njema za mfumo mbovu. Basi mkuu anayetaka programu itakayowafaa watu na awaweke pamoja msanifu, mwandishi wa programu, mpimaji na mjuzi wa wateja, awakabidhi dhamana ya kazi nzima tangu swali la kwanza hadi mtumiaji wa mwisho, kisha awape na mamlaka ya kuamua.