Kiti cha Kumsaidia Mtoto, Siyo Kamba ya Kumfunga

Wako watoto wa shule wasioweza kukaa wima. Wengine wana mtindio wa ubongo. Hali hii hutokea ubongo unapoumia kabla ya mtoto kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au akiwa bado mchanga. Si laana, wala haiambukizi.

Mtoto huyu akikaa kwenye benchi huanguka. Mikono yake hushika benchi, haishiki kalamu. Anahitaji kiti chake. Mpeleke hospitali mtaalamu ampime, kisha fundi seremala atengeneze kiti.

Kiti kizuri kiwe hivi:

1. Makalio yafike nyuma kabisa, mgongo uegemee.

2. Magoti yakunjwe, nyayo zikanyage ubao.

3. Mkanda mpana wa kitambaa upite kwenye nyonga, siyo tumboni wala shingoni. Vidole viwili vipite chini yake. Uwe rahisi kufunguliwa.

4. Meza ndogo iwe mbele yake, usawa wa viwiko.

Usimwache hapo siku nzima. Mbadilishe mkao kila baada ya nusu saa hivi. Tazama ngozi yake. Ukiona alama isiyoondoka, kidonda kinaanza.

Kumfunga mtoto ni jambo jingine. Wapo wanaomfunga kwa kamba kwa sababu anatangatanga au anapiga kelele. Kamba huchubua ngozi na kuzuia damu. Moto ukizuka, mtoto hawezi kukimbia. Wala hajifunzi kusoma, anajifunza hofu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inakataza kumtesa mtoto.

Utatofautishaje? Jiulize: mkanda huu unamsaidia nani? Ukimwezesha mtoto kula, kuandika na kucheza, ni msaada. Ukimpa mtu mzima nafasi ya kupumzika, ni kifungo. Hata kiti kizuri hugeuka kifungo mtoto akisahauliwa humo.

Mtoto akihangaika, tafuta sababu. Labda ana njaa, anaumwa, au anataka kwenda chooni na hawezi kusema. Akiwa karibu kujiumiza, mshike kwa mikono, kwa upole. Usimlalie wala usimbane kifua. Hatari ikiisha, mwachie mara moja.

Mzazi, nenda shuleni ukaone mtoto wako anavyokaa. Muulize mwalimu: mtoto anafunguliwa saa ngapi? Jibu lake litakuonyesha kama kile ni kiti au ni kifungo.