Mtoto Achague, Mwenye Shule Apige Hesabu

Mzazi anayetafuta chekechea Mombasa au Malindi huuliza mambo mawili kwanza: karo ni ngapi, na mtoto ataanza kuandika lini? Anayetaka kufungua shule ambayo mtoto mwenyewe ndiye anayechagua shughuli zake awe na majibu ya yote mawili kabla ya kununua hata kiti kimoja.

Mfumo huu si mgeni Pwani. Katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, alishirikiana na Wakfu wa Aga Khan kuanzisha chekechea za Madrasa, ambako mtoto alilelewa katika dini na mila zake huku akiandaliwa kwa shule ya msingi. Mpango huo ukafika Zanzibar na Uganda. Mbinu zake zilichota kwa mfumo wa HighScope wa Michigan, Marekani, uliotokana na kazi ambayo David Weikart na wenzake waliianza mwaka 1962 pamoja na watoto wa familia maskini. Kiini chake ni kwamba mtoto hupanga, hufanya, kisha husimulia alichofanya.

Tuseme mtoto wa miaka minne ametangaza kwamba leo atajenga jahazi. Anakwenda kwenye kona ya vipande vya mbao, anapanga, na mlingoti unaanguka. Mwalimu anaketi sakafuni karibu naye na kuuliza, "Tuweke nini hapa chini ili usimame?" Mtoto anajaribu kipande kizito, kisha kifuu cha nazi, kisha anamwita mwenzake aushikilie. Saa ya kusimulia ikifika, anawaeleza wenzake kisa kizima. Amepima uzito, amelinganisha urefu, amezungumza kwa mpangilio, na hakuna aliyemwamrisha. Lakini mwalimu yule aliweza kuketi kwa sababu hakuwa peke yake na watoto 35.

Basi uhai wa biashara hii uko kwenye mishahara, nao wengi hukosea hapo. Hutumia mtaji kwa bembea za rangi na michoro ya ukutani, kisha huajiri mwalimu mmoja wa bei nafuu. Vifuu, makombe ya pwani, ukili, vitambaa vya fundi cherehani na maboksi matupu vinatosha kujaza kona za darasa, tena vina faida zaidi kuliko vichezeo vya plastiki, kwa kuwa mtoto anaweza kuvigeuza kuwa kitu chochote. Mwalimu anayejua kutazama na kunyamaza ndiye asiye na mbadala.

Chukua mfano wa watoto 40 wanaolipa shilingi 12,000 za Kenya kwa muhula. Kwa mihula mitatu zinaingia 1,440,000. Walimu wanne kwa 18,000 kila mwezi, wanaolipwa hata wakati wa likizo, ni 864,000 kwa mwaka. Mpishi wa uji, ambaye pia anafanya usafi, kwa 12,000 ni 144,000. Kodi ya nyumba kwa 25,000 ni 300,000. Zinabaki 132,000 za maji, unga, umeme, bima na matengenezo, na mwenye shule bado hajajilipa. Wazazi wanne wasipolipa karo ya mwaka mzima, 144,000 zimepotea na shule imeingia hasara.

Kishawishi ni kuongeza watoto 20 kwa walimu wale wale. Namsihi kila anayefikiria hivyo asifanye. Darasa likifurika, mwalimu hurudi ubaoni, watoto huitikia kwa pamoja, na kilichouzwa kwa mzazi hakipo tena. Afadhali kupandisha karo kidogo, kuipokea kwa mafungu ya kila mwezi kwa wenye kipato cha vibarua, au kulea watoto hadi jioni kwa malipo ya ziada, maana wazazi wengi hutoka kazini saa kumi na moja.

Swali la kuandika nalo linahitaji ushahidi, kwani daftari tupu humtia mzazi hofu, na hofu yake ni ya haki. Kila mtoto awe na jalada: michoro yake yenye tarehe, maneno aliyoyasema, jina lake alivyoliandika Januari na alivyoliandika Oktoba. Mzazi aalikwe kukaa darasani asubuhi moja. Anaweza pia kuelezwa kuhusu utafiti wa Peter Mwaura na wenzake uliochapishwa mwaka 2008: katika Kenya, Uganda na Zanzibar, watoto wa chekechea za Madrasa waliwapita wenzao wa chekechea nyingine katika vipimo vya akili, na makundi yote mawili yakawapita waliobaki nyumbani.

Kuhusu usajili, Katiba ya Kenya ya 2010 iliziweka chekechea mikononi mwa kaunti, kwa hiyo ofisi ya elimu ya kaunti itembelewe kabla ya kutia saini mkataba wa nyumba. Maofisa wake wataangalia vyoo, uzio, nafasi ya kuchezea na vyeti vya walimu. Kisha fungua na kundi moja tu la watoto wa miaka mitatu, panda nalo mwaka unaofuata, na Januari hiyo pokea wadogo wapya. Wale wakubwa watawafundisha wageni namna ya kurudisha vitu kwenye kona zake, kazi ambayo humchukua mwalimu peke yake muhula mzima.