Soka na Hali ya Hewa (3): Mvua Katika Siku ya Fainali

Maji yakiingia uwanjani hubadili mchezo kwa awamu, na kila awamu ina wenyewe. Nyasi zikilowa juu tu huku udongo wa chini ungali mgumu, msuguano kati ya mpira na ardhi hupungua. Pasi ya chini huteleza na kufika upesi, na shuti linalodunda mbele ya kipa haliinuki kama alivyotarajia bali hupita chini chini kwa kasi. Hali hii huwafaa mafundi wa pasi fupi, na ndiyo maana viwanja vingi vya Ulaya hunyunyiziwa maji makusudi kabla ya mechi. Mvua ikizidi, udongo hulainika: njumu huzama, mguu huchelewa kutoka, na mpira ukianguka haudundi tena. Mwisho, maji yakishindwa kupenya chini hutuama. Hapo pasi ya mita kumi huweza kusimama katikati ya safari, na mshambuliaji aliyekwisha kukimbia mbele hulazimika kurudi kuutafuta mpira nyuma yake.

Kwa hiyo anayesema kwamba mvua inaifaa timu fulani, bila kueleza ni mvua ya kiasi gani na imenyesha kwa muda gani, bado hajasema kitu.

Zamani mpira wenyewe ulikuwa sehemu ya tatizo. Ulishonwa kwa ngozi, na ngozi hunywa maji. Tangu mwaka 1937 sheria ilitaka mpira uwe na uzito wa kati ya aunsi 14 na 16, yaani gramu 396 hadi 453, lakini kipimo hicho kilikuwa cha mwanzo wa mchezo. Baada ya nusu saa ya mvua hakuna aliyeupima tena, na wachezaji waliupiga kichwa hivyo hivyo. Mpira wa kwanza wa Kombe la Dunia uliotengenezwa wote kwa malighafi ya kiwandani bila ngozi ulikuwa Azteca wa mwaka 1986. Fainali za kabla ya hapo zilizochezwa mvuani zisomwe kwa kukumbuka jambo hilo.

Linalofuata ni viatu. Njumu fupi hushika vizuri kwenye ardhi kavu, lakini penye tope hazifiki kwenye udongo mgumu, na mchezaji hukanyaga utelezi mtupu. Njumu ndefu huufikia udongo huo, ila kwenye ardhi kavu humchosha mchezaji na kuuumiza mguu. Mwenye kiatu kisichobadilishwa njumu huamua mapema na kuomba Mungu. Mwenye njumu za kuzungushwa kama skrubu huweza kungoja hadi saa ya mwisho, akatazama mawingu, kisha akachagua.

Kabla ya kuingia kwenye mifano, iko hoja moja ya hesabu ambayo mashabiki huipita. Soka ni mchezo wa mabao machache, na fainali nyingi huamuliwa kwa mechi moja isiyo na marudiano. Katika ligi ya mechi thelathini bahati hujisawazisha yenyewe, na aliye bora huonekana. Katika fainali hakuna nafasi hiyo. Sasa, kila kitu kinachoongeza makosa yasiyotabirika, kama kipa kuponyokwa, beki kuteleza au pasi kukwama, humpunguzia aliye bora faida yake. Fundi wa bao akicheza na mwanafunzi, kisha mtu akautikisa ubao kete zikachanganyika, anayenufaika ni mwanafunzi, hata kama mtikisiko haukumlenga yeyote. Mvua kubwa ni mtikisiko wa namna hiyo. Haimfanyi mnyonge awe hodari. Humpa tu nafasi kubwa kidogo kuliko aliyostahili.

Mfano unaotajwa zaidi ya yote ni fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 4 Julai 1954, katika uwanja wa Wankdorf mjini Bern, Uswisi, kati ya Hungaria na Ujerumani Magharibi. Hungaria ya kocha Gusztáv Sebes ilikuwa haijafungwa katika mechi rasmi tangu mwaka 1950. Ilikuwa bingwa wa Olimpiki ya Helsinki ya 1952, na Novemba 1953 iliichapa Uingereza 6-3 nyumbani kwake Wembley. Katika mashindano hayo ya Uswisi ilikuwa imepachika mabao 25 katika mechi nne. Miongoni mwa hizo ni ile ya makundi, tarehe 20 Juni, ilipowafunga Wajerumani hawa hawa 8-3. Kocha wa Ujerumani, Sepp Herberger, siku hiyo alikuwa amewapumzisha wengi wa wachezaji wake tegemeo, lakini hata hivyo mabao manane si kitu cha kupuuza.

Siku ya fainali mvua ilinyesha. Kwa nahodha wa Ujerumani, Fritz Walter, ilikuwa heri. Aliwahi kuugua malaria wakati wa vita, na jua kali lilimlegeza. Kwenye baridi na manyunyu ndipo alipocheza vizuri zaidi. Hadi leo Wajerumani wakiona siku ya mvua husema ni hali ya hewa ya Fritz Walter. Tena timu ilikuwa na Adi Dassler, mwanzilishi wa kampuni ya Adidas, aliyefuatana nayo kama fundi wa viatu. Viatu vyake vilikuwa vyepesi na njumu zake zilifunguka, hivyo uwanja ulipolowa alifunga njumu ndefu. Kampuni ya Puma ya ndugu yake, Rudolf Dassler, hudai kwamba ndiyo iliyotangulia kutengeneza njumu za aina hiyo. Ugomvi wa ndugu hao ni hadithi nyingine. Muhimu hapa ni kwamba siku hiyo zilikuwa miguuni mwa timu moja.

Mpaka hapo simulizi imenyooka, na vitabu vingi huishia hapo: mvua ilinyesha, njumu zikabadilishwa, mnyonge akashinda. Mwenendo wa mechi unasema tofauti kidogo. Puskás wa Hungaria alifunga katika dakika ya sita, mvua ikinyesha. Dakika mbili baadaye beki Kohlmeyer na kipa Turek wa Ujerumani hawakuelewana katika mpira uliorudishwa nyuma, ukamponyoka kipa, na Czibor akaujaza wavuni. Kama kuna bao la siku ile linaloweza kuitwa la mvua bila wasiwasi, basi ni hilo, na waliolipata ni Hungaria.

Ujerumani ilijibu haraka. Dakika ya kumi Morlock alijinyoosha kwa kuteleza, akaugusa mpira kwa ncha ya kiatu ukaingia. Dakika ya 18 Fritz Walter alipiga kona, kipa Grosics akabanwa angani na Schäfer, na Rahn aliyekuwa nyuma yao akasawazisha. Mabao manne katika dakika 18, kisha zaidi ya saa nzima bila bao. Katika saa hiyo Hungaria iligonga nguzo na mwamba wa lango, Kohlmeyer aliokoa mpira mmoja kwenye mstari, na Turek aliyekosea mwanzoni akageuka ukuta.

Hapa ndipo hoja ya uchovu inapoingia, na kwa uzito wake inastahili kutangulia njumu. Tarehe 30 Juni Hungaria ilikuwa imecheza nusu fainali na Uruguay mjini Lausanne kwa dakika 120 kabla ya kushinda 4-2. Siku hiyo hiyo Ujerumani iliimaliza Austria 6-1 kwa dakika 90. Puskás aliingia fainali akiwa na kifundo cha mguu alichoumizwa na Liebrich wa Ujerumani katika ile mechi ya 8-3, na alikuwa hakucheza mechi mbili zilizofuata. Kombe la Dunia halikuruhusu mchezaji wa akiba kuingia hadi mwaka 1970, kwa hiyo aliyechoka au kuumia alibaki uwanjani mpaka kipenga cha mwisho. Tope humdai kila mtu nguvu zaidi kwa kila hatua, lakini anayeumia kwa deni hilo ni yule aliyekuja na akiba ndogo.

Dakika ya 84 mpira ulioondolewa nusunusu na mabeki wa Hungaria ulimfikia Rahn karibu na ukingo wa eneo la hatari. Aliuhamishia mguu wa kushoto, akaachia shuti la chini lililoingia kando ya lango. Shuti la chini kwenye nyasi zilizolowa ndilo chaguo sahihi kuliko yote, na mchezaji yeyote aliyekulia katika viwanja vya mvua hulijua. Dakika chache baadaye Puskás alifunga tena, lakini mshika kibendera Mervyn Griffiths wa Wales aliinua kibendera akionyesha ameotea, na mwamuzi William Ling wa Uingereza akalikataa bao. Mechi ikaisha 3-2.

Mvua basi ilikuwa na sehemu gani? Iliwapa Wajerumani nahodha aliyestarehe na miguu iliyoshika ardhi. Iliongeza mzigo kwa timu iliyokwisha kucheza nusu saa zaidi siku nne kabla. Ilipunguza ubora wa pasi fupi ambazo Hungaria ilizitegemea. Lakini haikugonga nguzo, haikuinua kibendera, na haikumrudisha Puskás kikosini akiwa na mguu mbovu; huo ulikuwa uamuzi wa Sebes. Baadaye zilizuka pia shaka kuhusu sindano walizochomwa wachezaji wa Ujerumani, ambazo wenyewe walisema ni za vitamini C. Ukipanga sababu zote hizo kwa uzito, uchovu na jeraha hutangulia, na mvua hufuata kama iliyozifanya ziume zaidi.

Miaka ishirini baadaye, Ujerumani Magharibi iliyokuwa mwenyeji ilikutana tena na maji, safari hii ikiwa ndiyo inayopewa nafasi. Tarehe 3 Julai 1974 ilipambana na Poland katika uwanja wa Waldstadion mjini Frankfurt. Mashindano ya mwaka ule hayakuwa na nusu fainali rasmi, bali mshindi wa kundi ndiye aliyekwenda fainali, na Ujerumani ilihitaji sare tu. Mvua kubwa ilimwagika kabla ya mechi, zimamoto wakaitwa na pampu zao kunyonya maji, na mchezo ukachelewa kwa nusu saa. Nguvu ya Poland ya kocha Kazimierz Górski ilikuwa kasi ya mawinga wake, Lato na Gadocha. Winga hutegemea mpira unaotangulia mbele yake. Mpira unaosimama dimbwini humfanya kuwa mtu wa kawaida. Wapoland walipata nafasi na kipa Sepp Maier akazizima. Kipa wao, Tomaszewski, aliokoa penalti ya Uli Hoeness, lakini Gerd Müller akafunga bao pekee katika dakika ya 76.

Mchezo ule unafundisha jambo ambalo Bern haionyeshi. Uwanja ulioharibika humsaidia anayehitaji sare, kwa sababu kuzuia ni rahisi kuliko kujenga: beki anaweza kuupiga mpira popote, mshambuliaji hana anasa hiyo. Poland ilitakiwa kushinda mahali ambapo hakuna aliyeweza kucheza. Ni haki kusema kwamba mechi ile haikupaswa kuanza.

Mvua huweza pia kuamua fainali kwa hatua moja tu. Tarehe 21 Mei 2008, Manchester United na Chelsea zilitoka sare ya 1-1 mjini Moscow katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, zikaingia kwenye penalti huku mvua ikinyesha. John Terry, nahodha wa Chelsea, alikuwa na mkwaju wa tano ambao ungewapa kombe. Mguu wake wa kusimamia uliteleza wakati wa kupiga, mpira ukagonga nguzo ukatoka nje. United ilishinda kwa penalti 6-5. Anayepiga penalti mvuani hukimbia hatua chache na kuukita mguu wa kusimamia kwa nguvu, na mguu huo ndio unaobeba hatari kuliko ule unaopiga. Wapo wanaofupisha mbio zao kwa sababu hiyo.

Siku hizi sehemu ya mvua imepungua. Viwanja vikubwa vina mabomba ya kupitisha maji chini ya nyasi, vingine vina paa la kufungwa, mipira hainywi maji kama ile ya ngozi, na tangu 2022 sheria inaruhusu mashindano makubwa kubadilisha wachezaji watano, jambo linaloondoa sehemu kubwa ya ule uchovu wa mwaka 1954. Penye viwanja visivyo na mabomba hayo hali ni ile ile ya zamani. Katika pwani ya Afrika Mashariki masika huangukia Machi hadi Mei, wakati ligi ya Tanzania inaelekea ukingoni na kila pointi ina thamani yake.

Sheria humwachia mwamuzi uamuzi wa kama uwanja unachezeka. Kipimo cha kawaida ni chepesi: huudondosha mpira sehemu mbalimbali aone kama unadunda, kisha huusukuma chini aone kama unaviringika. Ukigoma yote mawili, hasa mbele ya malango, timu iliyo bora ina haki ya kuomba mechi iahirishwe, na mwamuzi anayekubali hatakuwa ameipendelea.