Nani Mbunifu Kuliko Wote? Gitaa la Umeme katika Darasa la Mdahalo

Kila mwalimu wa Kiswahili anazijua mada za mdahalo zilizozoeleka: elimu ni bora kuliko mali, maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini. Wanafunzi wetu hapa Kigali wamezijadili tangu sekondari, na hoja zake wanazitoa kwa kukariri. Katika makala hii tunapendekeza mada nyingine: ni nani mpiga gitaa la umeme aliye mbunifu kuliko wote? Mada hii huwachangamsha hata wanafunzi wakimya. Hata hivyo, mdahalo wake huharibika upesi. Mmoja anamtaja Franco, mwingine Jimi Hendrix, na baada ya dakika kumi hakuna hoja tena, zimebaki sifa na kelele. Tatizo si uchache wa ujuzi wa muziki. Tatizo limo katika maneno mawili ya swali lenyewe: mbunifu na wote.

Hodari, fundi na mbunifu

Wanafunzi wengi huyatumia maneno hodari, fundi na mbunifu kana kwamba yana maana moja. Hodari ni yule anayeifanya kazi kwa bidii na uwezo mkubwa. Fundi ameijua kazi mpaka ndani, na mkono wake haukosei. Mbunifu ni yule aliyeleta kitu ambacho hakikuwapo. Mtu anaweza kuwa fundi mkubwa bila kubuni chochote, na mwingine akabuni jambo ambalo mafundi waliomfuata walilifanya vizuri kuliko yeye.

Tuchukue mfano wa Eddie Van Halen. Mwaka 1978 aliwashangaza wengi kwa kuzigonga nyuzi kwenye shingo ya gitaa kwa vidole vya mikono yote miwili. Hakuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo, lakini ni yeye aliyewafanya vijana wa dunia nzima wajifunze mbinu hiyo. Je, aliyeanzisha ndiye mbunifu, au aliyeeneza? Darasa lisipoafikiana juu ya jambo hilo kabla ya kuanza, pande mbili zitabishana juu ya maswali mawili tofauti.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza vipimo vitatu. Kwanza, je, mpigaji alileta sauti au mbinu isiyokuwapo? Pili, je, wengine walimfuata? Tatu, je, kazi ya gitaa katika bendi ilibadilika kwa sababu yake?

Wote ni akina nani?

Kiswahili hakina kiambishi cha kuonyesha kwamba kitu kimezidi vingine vyote. Tunalazimika kusema kuliko wote, kupita wote au kushinda wote. Kinyarwanda nacho hufanya vivyo hivyo kwa kusema kurusha abandi, kwa hiyo umbo hili haliwapi wanafunzi wetu shida. Shida ni kwamba hulitamka bila kujiuliza wote hao ni akina nani. Umbo lenyewe linamdai msemaji ataje kundi: kuliko wapigaji wote wa Kinshasa, au wa Afrika Mashariki, au wa dunia nzima?

Ukisema dunia nzima, huna budi kuanza na Charlie Christian, aliyejiunga na Benny Goodman mwaka 1939. Kabla yake, gitaa katika bendi kubwa za Marekani lilikuwa hasa la kushika mapigo. Yeye alilifanya lizungumze peke yake kama tarumbeta au saksafoni. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25. Mwaka huohuo alizaliwa Jimi Hendrix, ambaye aliuchukua mlio wa spika unaorudi kwenye gitaa, ambao wengine waliuona kuwa kero, akaufanya kuwa sehemu ya muziki.

Wagombea wa kwetu

Kwa darasa la Kiswahili, tunaona ni bora kundi liwe Afrika Mashariki na Kongo. Gitaa la umeme liliingia Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Mbelgiji Bill Alexandre ni miongoni mwa waliolileta. Baada ya muda mfupi zikajitokeza shule mbili. Ya kwanza ni ya African Jazz, ambako Nicolas Kasanda, yaani Dr Nico (1939–1985), alilipiga gitaa la solo kwa sauti safi, noti moja baada ya nyingine, kama mwimbaji wa pili. Ya pili ni ya OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956, ambako Franco Luambo (1938–1989) alizikwanyua nyuzi mbili kwa pamoja na kurudiarudia kipande kifupi mpaka wachezaji wakolee. Baadaye gitaa la tatu, mi-solo, likaingia kati ya solo na ridhimu.

Kenya ina Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani, ambaye ni miongoni mwa waliotangulia kutumia gitaa la umeme nchini humo. Tanzania ina Mbaraka Mwinshehe, aliyevuma na Morogoro Jazz, kisha Super Volcano, hadi alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Kisha kuna D. O. Misiani (1940–2006), mzaliwa wa Shirati, Tanzania, aliyepata sifa kubwa nchini Kenya. Yeye na wenzake wa benga waliuhamishia kwenye gitaa upigaji wa nyatiti, chombo cha Waluo chenye nyuzi nane.

Hapa wanafunzi wetu hugutuka, maana Rwanda ina inanga, nayo ni chombo cha nyuzi. Swali linalofuata huwa lao wenyewe: je, ni mpigaji gani wa kwetu aliyeipa gitaa sauti ya inanga?

Swali hilo linatufikisha kwenye jambo zito. Orchestre Impala ilivuma nchini katika miaka ya 1970 na 1980, na nyimbo zake bado zinapigwa. Mwimbaji wake Sebanani André aliuawa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, kama alivyouawa mtunzi Rugamba Cyprien, na wengine wengi. Aidha, studio kubwa za eneo hili zilikuwa Kinshasa na Nairobi. Kwa hiyo tunaposema wote, mara nyingi tunamaanisha wote waliorekodiwa, na walioachwa wakaishi wakarekodi zaidi. Mwanafunzi anayelitambua hilo hataacha kubishana, ila ataipima kauli yake kabla ya kuitoa.

Kura yetu

Kwa vipimo vyetu vitatu, sisi tunampigia kura Dr Nico. Katika kipimo cha kwanza ana upungufu, kwa kuwa Tino Baroza alimtangulia katika African Jazz. Lakini katika cha pili na cha tatu ana nguvu: solo yake iliigwa na bendi za nchi nyingi, na baada yake gitaa halikuwa tena la kumsindikiza mwimbaji tu. Hoja kali zaidi dhidi yetu ni ya benga. Anayekipa uzito kipimo cha kwanza ana haki ya kusema kwamba kuhamisha chombo cha asili kwenye nyuzi za umeme ni ubunifu mkubwa zaidi.

Darasani

Mwalimu atenge vipindi viwili. Katika cha kwanza, darasa lisikilize nyimbo tatu au nne na kujenga msamiati: gitaa la solo, la ridhimu na la besi, kupiga, kucharaza na kukung'uta gitaa, uzi na nyuzi, mtindo, kiitikio, mpiga solo. Ielezwe pia kwamba Kinyarwanda husema gucuranga kwa vyombo vya nyuzi na kuvuza kwa ngoma, ilhali Kiswahili hutumia kupiga kwa vyote viwili. Katika kipindi cha pili ufanyike mdahalo wenyewe, kwa sharti moja: kila msemaji ataje kundi analolilinganisha, kipimo anachokitumia, na wimbo unaothibitisha kauli yake. Asemaye tu kwamba fulani ni hodari sana, mwenyekiti amwombe aketi kwanza, asikilize wimbo tena, kisha arudi na hoja.