Puli ya mazoezi nyumbani: angalia kwanza mahali inafungwa

KITSHANGA. Vijana wengi wa Masisi na Walikale wanapenda mazoezi ya vyuma. Sali zenye mashine kamili ziko mbali, kule Goma, tena bei yake ni nguvu. Basi wanajitengenezea nyumbani: nguzo ine za miti ya ekaliptisi ao za chuma zilizounganishwa kwa sudere, chuma cha kupita juu, na fero yenye beto kila upande. Siku hizi wanaongeza kitu kingine ku fremu ile: puli na kable. Ni wazo zuri. Lakini puli ni chombo chenye kanuni zake, na sisi wa sendika ya wachimbaji tunazijua, sababu kwenye migodi kamba na puli vinashika uhai wa watu.

Faida yake ni gani?

Fero ikikushinda ukiwa umelala chini yake, inakuangukia ku kifua ao ku shingo. Puli haiko vile: ukichoka unarudisha mupini polepole, muzigo unashuka upande wake. Tena unaweza kuanza na kilo tano tu, kisha unaongeza kidogo kidogo. Kwa muchimbaji ni jambo kubwa. Mutu anapiga nyundo muchana kutwa akiwa ameinama, anabeba gunia mbele ao ku mabega. Mugongo wa juu haupati kazi ya kuvuta kurudi nyuma. Kuvuta kutoka juu mupaka ku kifua, ao kuvuta kwa kukaa chini, njo kunanyoosha mabega.

Mambo haya si mapya. Mumarekani Jack LaLanne alifungua sali yake Oakland, California, mwaka 1936, na yeye ni mumoja wa wale wanaotajwa kuwa walileta mashine za kable na puli katika mazoezi. Toka wakati ule vyuma vimebadilika sura, lakini hesabu ya puli imebaki ile ile.

Hesabu ambayo wengi wanasahau

Puli moja iliyofungwa juu haipunguzi uzito. Inageuza tu njia: unavuta chini, muzigo unapanda. Sasa angalia. Wewe unavuta kilo 40 upande mumoja, muzigo wa kilo 40 unavuta upande mwingine. Chuma cha juu kinabeba ngapi? Si 40, ni 80. Ukivuta kwa kushtua, inazidi. Njo maana musumari uliopigwa ku muti unangoka hata kama kijana anasema, "lakini muzigo haukuwa muzito".

Kanuni yetu ni hii: mahali puli inafungwa paweze kubeba mara ine ya muzigo wa mazoezi. Unataka kuvuta kilo 40? Ningʼiniza kwanza kilo 160 pale juu, acha siku nzima, mutu asipite chini yake. Ku muti, usitumie musumari. Toboa muti kutoka upande mupaka upande, pitisha boloni yenye rondela mbili pana. Ku chuma, sudere azungushe moto pande zote za kiungo, asiweke matone mawili tu.

Kuna njia ingine, ya puli mbili: moja juu, moja inatembea pamoja na muzigo. Hapo unasikia nusu ya uzito, lakini unavuta kamba mita mbili ili muzigo upande mita moja. Ni nzuri kwa mwenye vyuma vizito na anataka kuanza polepole. Kwa fremu fupi haifai, kamba inaisha mbele mukono haujamaliza njia yake.

Kuchagua puli yenyewe

Ku kenkayeri za Birere, kule Goma, utakuta namna tatu. Ya kwanza ni puli ya kisima ao ya kupandishia matofali: chuma kizito, tundu la kati halina rulema. Inafaa kwa kazi ya polepole, lakini ku mazoezi inakwaruza na inakula kable. Ya pili ni puli ndogo ya kuanikia nguo: hiyo acha kabisa. Ya tatu ni gurudumu la plastiki ngumu ao la chuma lenye rulema katikati. Hiyo njo ya kutafuta.

Beba kipande cha kable yako ukienda kununua. Kiweke ndani ya mufereji wa puli: kikae bila kubanwa na bila kucheza pembeni. Mufereji mwembamba unaminya kable, mupana unaiacha ilale bapa. Kisha pima upana wa gurudumu. Kable ikipinda sana ku gurudumu dogo, nyuzi zake za ndani zinakatika moja moja bila wewe kuona. Kwa kable ya milimita 5, tafuta puli ya sentimita 9 ao 10.

Mwisho, izungushe kwa kidole na usikilize. Ikilia kama muchanga, rulema imekufa. Ishike pande mbili na uitikise: ikicheza kushoto na kuume, mwachie muchuuzi. Watu wa chukudu wanajua namna ya kusikiliza rulema. Kama huna uzoefu, enda na mumoja wao.

Kamba ya nailoni ni rahisi na inafungika vizuri, lakini inavutika na inaogopa jua na kona kali za chuma. Kable ya chuma yenye kuvaa plastiki inadumu zaidi. Ncha yake haifungwi fundo. Inapindwa kuwa kitanzi na kubanwa na serekable tatu. Kila serekable iko na sehemu mbili: mugongo munene na upinde wa U. Mugongo unakaa ku kable inayovuta, upinde unakaa ku ncha iliyokatwa. Ukigeuza, upinde unaponda kable ile inayobeba.

Inayoningʼinia ao inayopanda ku nguzo?

Puli ya kuningʼinia ku chuma cha juu inaweza kufungwa ku fremu yoyote, unaihamisha ukitaka. Ile inayopanda na kushuka ku nguzo inakupa mazoezi mengi zaidi, lakini inaomba nguzo za chuma zenye matundu ya umbali sawasawa. Kama unamwagiza sudere, pima kwanza unene wa nguzo, upana wa matundu na nafasi kati ya tundu na tundu. Milimita tatu za makosa zinatosha chombo kisiingie.

Ukitia puli ya chini, kwa kuvuta ukiwa umekaa, angalia fremu isikufuate. Kuvuta mbele kunaangusha fremu mbele. Nguzo zichimbiwe chini, ao miguu ya nyuma ilaliwe na magunia ya mawe.

Muzigo wa bei ndogo

Hakuna haja ya kununua vyuma vya kizungu. Bidoni ya njano ya lita 20 ni mizani tosha. Ikijaa maji, ni kilo 20. Ikijaa muchanga mukavu, ni karibu kilo 32. Ikijaa beto, inafika karibu kilo 48. Maji yako na faida moja: lita moja ni kilo moja, unaongeza kwa kikombe. Usiamini mushikio wa plastiki wa bidoni. Pitisha mukanda wa nailoni chini yake na uizungushe. Na asiye na pesa ya puli kabisa akate shambreri ya baiskeli, aifunge ku nguzo, avute. Inatosha kwa kuanza.

Na kwenye shimo?

Kuna wanaoleta nyumbani puli iliyochoka kwenye mugodi. Wandugu, puli iliyokataliwa shimoni haifai nyumbani. Lakini jambo linalotuumiza zaidi ni lile lingine: kijana anakagua puli ya mazoezi jioni, anazungusha, anasikiliza, halafu asubuhi anashuka ku kamba ambayo hakuna mutu ameiangalia. Kanuni za migodi zinasema shimo la wachimbaji wadogo lisipite mita 30. Hata mita kumi zinatosha kuua mutu.

Tunajua sababu. Bei ya kamba inakatwa ku uzalishaji mbele ya kugawana, basi kila mutu, PDG wa shimo na wachimbaji wenyewe, anasema "itafika juma ijayo". Sendika inaomba mambo ine, na hakuna hata moja linalohitaji injinia. Kamba ya magunia isipandishe mutu. Mutu mumoja anayejulikana kwa jina akague kamba, puli na mahali inafungwa kila asubuhi, na aandike ku daftari. Bei ya kamba mupya iwe juu ya mwenye shimo, isikatwe ku sehemu ya wachimbaji. Na yule anayekataa kushuka kwa sababu ya kamba mubaya asifukuzwe.

Wale wenye fremu nyumbani wanaweza kutusaidia. Mumekwisha kujua rulema nzuri inalia namna gani, kable inaanza kuota nyuzi wapi, serekable inakaa upande gani. Kable muipapase na ganti, si na mukono mutupu, kila juma. Ikitoa uzi hata mumoja, mubadilishe. Kisha muende na macho yale yale ku shimo, na muulize daftari iko wapi.